Picha za Watu wa Nyumbani Katika Shughuli Zao



Mazungumzo yangu ya leo ni habari ya kupiga picha, lakini si picha za kila namna. Sitasema habari za picha za arusi, wala za wakubwa waliosimama mbele ya baraza, wala za studio zipigwazo mbele ya pazia lililochorwa minazi na bahari. Nataka kusema juu ya picha za watu wa nyumbani wakiwa katika shughuli zao za kila siku: mama apepetaye mchele, mzee asukaye ukili, dada amsukaye mwenzake nywele barazani, watoto wagombeao ukoko wa wali. Ni watu wasiojipanga, wala kuambiwa, "Tazameni hapa, msitikisike."

Watu wengi hudhani kwamba ustadi wa picha za namna hii ni ustadi wa kunyemelea, kama mwindaji amnyemeleavyo paa. Mimi nasema sivyo. Ustadi wenyewe ni kuzoeleka. Picha njema ya nyumbani haiibwi; hutolewa na mtu ambaye amekuzoea hata hana haja tena ya kujilinda mbele yako. Nikiweza kuwaonyesheni jambo hilo moja leo, nitakuwa nimemaliza kazi yangu.

Kwanza tufikiri kwa nini jambo hili ni kubwa, lisije likaonekana kuwa mchezo wa watu wenye nafasi. Mtu akifa, jamaa zake hutafuta picha yake. Katika nyumba nyingi huonekana moja au mbili: ya kitambulisho, na ya siku ya sherehe. Marehemu amekaza macho, mikono i juu ya magoti, kinywa kimefungwa. Watoto wake wakiitazama husema, "Ndiye, lakini hakuwa hivi." Wao wanaweza kusema hayo, kwa sababu walimwona akicheka. Wajukuu waliozaliwa baadaye hawawezi. Kwao bibi yao atakuwa ni yule mama mkali wa kwenye karatasi, na jinsi alivyofunga kanga kiunoni akianza kazi, na jinsi alivyoinamisha kichwa akisikiliza, na jinsi alivyomshika mtoto mgonjwa, mambo hayo yote yatakuwa yamekwenda pamoja naye. Wala si bibi peke yake apoteaye. Jinsi ya kusaga kwa jiwe, jinsi ya kuezeka kwa makuti, jinsi ya kubeba mtoto mgongoni, yote haya hubadilika, na siku yatakapokwisha hapana atakayepiga ngoma kututangazia.

Labda mtauliza: kwa nini basi watu hukakamaa mbele ya kamera? Sababu yake ni ya kale. Mwaka 1839 njia ya Mfaransa aitwaye Daguerre ya kushika picha kwa nuru juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha ilitangazwa kwa ulimwengu. Siku zile nuru ilihitaji dakika kadhaa kufanya kazi yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1838, Daguerre alikuwa amepiga picha ya barabara moja kubwa ya Paris, iitwayo Boulevard du Temple, kutoka dirisha la juu. Barabara hiyo ilikuwa na watu wengi na magari ya farasi, lakini katika picha yaonekana kana kwamba ni tupu, maana kila kilichokuwa kikienda hakikukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama yake. Pembeni tu yuko mtu mmoja aliyeinua mguu, anasafishiwa viatu. Kwa kuwa alisimama, alionekana. Huyo, kadiri ijulikanavyo, ndiye mtu wa kwanza kutokea katika picha ya kamera iliyobaki hata leo, na yaelekea hakuwa na habari kwamba anapigwa picha. Basi, mwanzo wenyewe wa picha za watu ni mtu aliye katika shughuli yake.

Lakini baada ya hapo studio zilifunguliwa kila mahali, na kwa kuwa kamera zilikuwa bado nzito za kushika nuru, ilikuwa lazima mtu akae kimya kama nguzo. Wapiga picha walikuwa na kigango cha chuma kilichosimama nyuma ya kiti, cha kumshikia mtu kichwa asitikisike. Hapana awezaye kutabasamu kwa raha kichwa chake kikiwa kimebanwa na chuma! Baadaye dawa za picha zikawa nyepesi, kigango kikatupwa, lakini desturi ya kukakamaa ikabaki. Ilikuja hata pwani yetu. Unguja ilikuwa na studio tangu karne ya 19, kama ile ya A. C. Gomes, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika mji huo huo. Watu walikwenda huko wamevaa kanzu zilizopigwa pasi na kanga mpya, wakakaa wima.

Sizilaumu picha hizo. Mtu ana haki ya kuonekana kama apendavyo, na picha ya studio yatueleza jinsi alivyotaka ulimwengu umjue. Tatizo ni kuwa na picha za namna hiyo tu, kwa maana zatuonyesha mgeni aliyekuja sebuleni, nasi twataka pia kumwona mwenyeji aliye uani.

Mambo yaliyofungua mlango wa uani yalikuwa ni vyombo vipya. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera ndogo ya mkono aliyoiita Kodak. Ndani yake mlikuwa na filamu ya kutosha picha 100. Mtu akizimaliza aliipeleka kamera nzima kiwandani, picha zikasafishwa, naye akarudishiwa kamera yenye filamu mpya. Mwaka 1900 ikaja kamera iitwayo Brownie, sanduku dogo lililouzwa kwa dola moja, hata watoto wakaweza kulishika. Mwaka 1925 Wajerumani wakaanza kuuza Leica, iliyobuniwa na fundi Oskar Barnack, kamera ya kutiwa mfukoni itumiayo filamu ya sinema. Na siku hizi kamera imo hata ndani ya simu. Chombo basi si kizuizi tena. Kilichobaki ni mtu mwenyewe.

Nitawapa mfano wa mtoto mmoja. Jacques Henri Lartigue alizaliwa Ufaransa mwaka 1894, katika nyumba ya watu wenye mali. Mwaka 1902, alipokuwa mtoto wa miaka kama 8, baba yake alimpa kamera. Mtoto huyo hakutafuta wafalme wala milima mirefu. Alipiga picha za watu wa kwao: yaya wake, kaka yake Zissou aliyekuwa akitengeneza vigari na vyombo vya kurukia angani, binamu zake wakicheza. Mwaka 1905 alimpiga picha binamu yake, ambaye nyumbani walimwita Bichonnade, akiruka kutoka ngazini, nguo yake ndefu ikipepea na miguu yake bado i hewani. Mtu akiiona picha hiyo hucheka kwa furaha, ingawa hamjui binamu huyo wala ngazi hiyo.

Alipokuwa mtu mzima Lartigue alijihesabu kuwa mchoraji wa rangi, na picha zake alizibandika katika albamu kubwa, zaidi ya 100, zikakaa nyumbani. Mwaka 1963 jumba la Museum of Modern Art la New York lilizionyesha kwa watu. Wakati huo mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 69. Mafundi wa picha wakastaajabu kuona kwamba mtoto mdogo alikuwa ameyafanya kwa mchezo mambo ambayo wao waliyatafuta kwa taabu.

Aliyawezaje? Kwa sababu alikuwa mtu wa nyumba ile. Hapana aliyeshtuka alipomwona na kamera yake. Yeye na kamera walikuwa sehemu ya mchezo. Yaelekea kwamba binamu yule alijua kabisa kuwa mtoto yuko chini ya ngazi anangoja. Hakuibiwa kitu. Na hili ndilo jambo la kututia moyo sisi sote: mpiga picha stadi akitoka mji mkuu kuja kijijini kwenu, hawezi kumpiga bibi yako picha kama uwezavyo wewe. Yeye ni mgeni. Akija, bibi atavaa kanga mpya na kukaa wima. Wewe ukija, ataendelea kumenya mihogo, tena atakuuliza kwa nini umesimama tu na kuni hazijapasuliwa.

Sasa na tuyatazame mambo ya kufanya, moja moja.

Jambo la kwanza ni kuzoeleka, na kuzoeleka huanza kwa kuomba ruhusa. Waambie watu wa nyumbani wazi: "Nataka kuwapiga picha mkiwa katika kazi zenu, siku nyingi, ili tuwe na kumbukumbu." Siku ya kwanza watajipanga na kutabasamu, wapige hivyo hivyo, wafurahi. Siku ya pili watacheka kidogo. Siku ya tatu watakuwa wamekuchoka, na hapo ndipo kazi yako ianzapo. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Basi kamera nayo ikishafika siku yake ya tatu, imekuwa mwenyeji. Mfaransa mwingine, Henri Cartier-Bresson, ambaye alikuwa bingwa wa picha za namna hii, alizifunika kwa utepe mweusi sehemu zing'aazo za Leica yake, ili mng'aro wake usivute macho ya watu. Fanya vivyo hivyo kwa njia yako: zima taa ya kamera, zima mlio wa simu, usivae miwani ya kutisha, wala usirukeruke. Kaa chini kama wakaavyo wengine. Na ukiitwa kusaidia kazi, weka kamera kando usaidie.

Jambo la pili ni nuru. Jua la saa sita mchana ni adui wa uso: hutia macho katika mashimo meusi na kung'arisha paji la uso. Asubuhi, na baada ya saa kumi jioni, jua huja kwa ubavu, na nyuso zote huwa nzuri. Ikiwa kazi yafanywa mchana, ngoja watu wahamie kivulini. Lakini mahali pema kupita pote ni karibu na mlango au dirisha. Mtu akikaa ndani kidogo ya kizingiti, uso wake ukielekea nje, nuru humjia kwa upole na nyuma yake huwa giza, hata vyombo vilivyotapakaa ndani havionekani.

Hapa pana onyo moja litufaalo sana sisi wenye ngozi nyeusi. Kamera hupima nuru yote iliyo mbele yake. Ukimweka mama yako mbele ya anga jeupe, au mbele ya ukuta uliopakwa chokaa na kupigwa na jua, kamera itadhani nuru ni nyingi mno, nayo itapunguza. Ndipo uso wa mama utakapokuwa kama kivuli kisicho na macho. Lawama si ya uso wake. Jisogeze wewe mpaka nyuma yake pawe na mti, au mlango ulio wazi, au ukuta wa udongo. Na kama kamera yako yakubali kupimia usoni, pimia hapo.

Jambo la tatu ni mahali pako wewe. Watu wengi hupiga picha wakiwa wamesimama, na watoto wote katika picha zao huonekana kama vichwa tu na vidole vya miguu. Chuchumaa mpaka macho yako yalingane na macho ya mtoto, nawe utauona ulimwengu wake: magoti ya wakubwa, kuku, tumbo la mtungi. Tena usiwe mbali mno hata mtu awe kama kisiki shambani, wala usimkaribie mno usoni hadi pua yake ionekane kubwa kuliko ilivyo. Hatua tatu nne zatosha. Halafu kabla ya kubonyeza, tazama pembe nne za picha. Je, kuna mti uliotokea kama kwamba umeota kichwani pa shangazi? Je, mkono umekatika kiganjani? Hatua moja ya kwenda kando huponya makosa mengi.

Jambo la nne ni kungoja, na hili ndilo moyo wa kazi yote. Kila kazi ina kilele chake. Mtwangaji huinua mchi, na kabla haujaanza kushuka husimama juu kidogo, kufumba na kufumbua. Mpepetaji hurusha mchele, nao ukifika juu husita kabla ya kurudi. Mtoto arukaye kamba husita vilevile juu kabisa. Katika kilele hicho mwendo hupungua hata karibu kwisha. Kwa hiyo ndipo umbo lipendezapo zaidi, na ndipo hata kamera isiyo ya haraka iwezapo kulishika bila ukungu. Ikiwa kamera yako yakuruhusu kuchagua, mtu akaaye kwa utulivu hutosheka na sehemu ya 60 ya sekunde, mwenye kutembea sehemu ya 125, na mtoto akimbiaye sehemu ya 500. Lakini hesabu hizo hazifai kitu kama huijui kazi yenyewe. Aliyepata kutwanga ndiye ajuaye kilele cha mchi kiko wapi.

Kwa hiyo keti utazame kwanza. Hesabu mapigo ya kazi kama mtu ahesabuye mapigo ya ngoma kabla ya kuingia kucheza. Tazama mikono, mara nyingi mikono husema mengi kuliko uso, nayo haijui kuona haya. Mtu akisimulia hadithi, usimtazame yeye peke yake. Geuka uwatazame wasikilizaji, maana hadithi huonekana katika nyuso zao. Na kicheko kikiisha, usishushe kamera upesi. Kuna dakika baada ya kicheko ambapo watu hutazamana kwa mapenzi bila kusema neno, na wapiga picha wengi huikosa kwa sababu wamekwisha kuridhika.

Mnamo mwaka 1930 hivi Mhungaria aitwaye Martin Munkácsi alipiga picha ya wavulana watatu Waafrika wakikimbilia majini kuoga, wametupa migongo kwetu, mawimbi yakiwajia. Picha hiyo yajulikana duniani kwa jina la Ziwa Tanganyika. Nyuso zao hazionekani, lakini furaha yote imo katika migongo na mikono yao. Yule Cartier-Bresson niliyemtaja aliiona alipokuwa kijana, na hata uzeeni alisema kwamba picha hiyo ndiyo iliyomwasha moto wa kazi yake. Hebu fikirini: bingwa wa Ulaya alifundishwa na watoto wa Kiafrika waliokuwa wakienda kuoga tu, jambo tulionalo kila jioni nasi hatuligeukii.

Sasa nafika penye neno zito, nalo ni heshima.

Palikuwa na Mjerumani mmoja aitwaye Erich Salomon, aliyezaliwa Berlin mwaka 1886. Alitumia kamera ndogo iliyoweza kupiga ndani ya nyumba bila taa, naye alikuwa hodari wa kuificha. Mwaka 1928 alipiga picha za kesi mahakamani ambako picha zilikatazwa, kamera ikiwa ndani ya kofia yake. Aliingia katika mikutano ya mawaziri akawaonyesha watu jinsi wakubwa wao walivyopiga miayo na kubishana usiku wa manane. Salomon, aliyekuwa Myahudi, aliuawa na utawala wa Hitler katika kambi ya Auschwitz mwaka 1944, na ulimwengu wamkumbuka kwa haki. Watawala wafanyao kazi ya umma hawana budi kutazamwa na umma. Lakini mama yako si waziri, wala jikoni mwake si mahakama. Njia ya kofia haifai nyumbani.

Wahenga walisema, "Macho hayana pazia." Ni kweli, aonaye haulizwi kwa nini ameona. Lakini kamera inalo pazia, na mwenye kulifungua ni wewe, kwa kidole chako, kwa hiari yako. Kwa hiyo wewe ndiwe utakayeulizwa. Jicho likiona huona peke yake, na kesho husahau. Kamera ikiona huonyesha watu usiowajua, na haisahau.

Basi kabla ya kubonyeza, jiulize: mtu huyu akiiona picha hii mbele ya wageni, atafurahi au atatahayari? Dada aliye ndani kwao bila mtandio wake, mtoto anayeogeshwa, mgonjwa kitandani, mfiwa anayelia, hao wote wamekuamini kwa sababu wewe ni wa ndani. Kuna picha zifaazo kupigwa zikakaa katika familia, na kuna zisizofaa kupigwa hata kidogo. Usidhani kwamba ruhusa ya kupiga ni ruhusa ya kutawanya. Picha aliyoiruhusu mama kwa ajili ya albamu ya nyumbani, hakuiruhusu kwa ajili ya gazeti, wala kwa ajili ya kupelekwa simuni kwa watu mia. Kila mara waonyeshe wenyewe ulichokipata. Akisema mmoja, "Hii siitaki," iondoe palepale bila kubishana. Utapoteza picha moja, nawe utakuwa umepata mia za baadaye. Maana atakayejua kwamba neno lake lasikiwa hatajificha tena ukija.

Wala mtoto asifikiriwe kuwa hana heshima kwa sababu ni mdogo. Atakua, naye ataiona picha ile. Mpige kwa namna ambayo akiwa na miaka 20 atakushukuru.

Neno la mwisho ni juu ya kutunza. Picha za Lartigue zilitufikia kwa sababu alizibandika, akaandika chini yake, akazihifadhi maisha yake yote. Picha zetu nyingi hupotea kwa sababu simu imeanguka kisimani, au bahasha imeliwa na mchwa. Chagua chache zilizo njema, labda 12 kwa mwaka, uzisafishishe kwenye karatasi. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli laini, bila kukandamiza, mambo manne: nani, wapi, lini, na anafanya nini. Usiseme, "Sote twamjua huyu." Ninyi mwamjua; mjukuu wa mjukuu hatamjua. Ziweke ndani ya kitu kikavu, mbali na sakafu na mbali na jua, na nakala nyingine iwe kwa ndugu aliye nyumba nyingine, ili moto au mafuriko yasichukue zote kwa siku moja.

Kwa wanafunzi, na kwa kila apendaye kujaribu, natoa kazi ya juma moja. Mchague mtu mmoja wa nyumbani na kazi yake moja. Siku ya kwanza keti naye muda wa saa nzima bila kamera, uitazame kazi tangu mwanzo hata mwisho. Siku ya pili mwombe ruhusa, uchukue kamera lakini upige kidogo. Siku tatu zifuatazo piga picha tano tu kila siku, si zaidi, ili ujifunze kungoja. Siku ya sita mwonyeshe, aondoe asizozipenda. Siku ya saba uchague moja, uiandike nyuma. Na mwenye simu asiyekuwa na karatasi, na aandike katika daftari.

Nanyi msio na kamera, msidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Wengi wenu mna ndugu au jirani aliye nayo. Siku atakapowaelekezea, msikimbilie kubadili nguo. Endeleeni na kazi zenu. Mjukuu atakayeitazama picha hiyo hataulizia habari za nguo mpya. Atataka kujua mlikuwa watu wa namna gani, na mikono yenu iliyo katika kazi itamjibu.